Rivyu ya flexsurv: kwa kansa ya muda mrefu itumie, ila ukague mkia

Hii ni rivyu ya flexsurv, pakeji ya R (lugha ya kompyuta ya takwimu) ya kufitisha modeli za muda wa kuishi, yaani kutafuta fomula inayokaa vizuri kwenye data, na naipima kwa kazi moja tu, ile ya kansa ya muda mrefu, yaani una data ya wagonjwa waliofuatiliwa miaka mitano mpaka saba halafu mtu anataka ajue baada ya miaka ishirini wangapi watakuwa bado hai, na kwa wastani kila mmoja atakuwa ameishi miaka mingapi. Kama kazi yako inaishia ndani ya data yenyewe, unataka mediani na ule mstari wa ngazi wa Kaplan na Meier wa 1958 unaoonyesha asilimia ya walio hai kama data ilivyo, au unalinganisha makundi mawili kwa modeli ya Cox ya 1972, basi usihangaike huku, pakeji ya survival ya Terry Therneau inakuja na R yenyewe na inamaliza kazi vizuri tu. Shida ni kwamba mstari wa Kaplan na Meier unaishia pale ufuatiliaji unapoishia, baada ya hapo hauna la kusema, na modeli ya Cox imeacha kwa makusudi umbo la hatari, yaani hatari ya kufa inavyopanda na kushuka kadiri muda unavyokwenda, bila kulitaja, ndio maana inapendwa na watu wengi. Ila ukitaka kwenda mbele ya data lazima mtu aseme umbo ni lipi. flexsurv ni ya kazi hiyo ya kusema umbo.

Imetengenezwa na Christopher Jackson wa kitengo cha takwimu za tiba cha MRC, baraza la utafiti wa tiba la Uingereza, pale Cambridge, na maelezo yake rasmi yalichapishwa kwenye Journal of Statistical Software mwaka 2016. Ni bure kabisa, unaipakua CRAN, ghala la pakeji za R, kama pakeji nyingine yoyote. Ndani unakuta migawanyo, yaani fomula za maumbo ya hatari: eksponensiali, Weibull, Gompertz, gama, log-nomali, log-lojistiki, gama ya jumla, F ya jumla, halafu splaini (mstari unaopinda ulioungwa kwa vipande), na kama zote hizo hazikutoshi unaweza kuiletea mgawanyo wako mwenyewe ilimradi uiandikie fomula ya hatari yake. Kwa mtu aliyewahi kuandika haya mambo kwa mkono, logi ya uwezekano na derivativu zake na wagonjwa wengine ufuatiliaji wao umekatika katikati, anajua hapo ameokolewa kazi kubwa kiasi gani.

Kutumia ni rahisi. Ukishaandika mstari mmoja wa modeli, kuhama kutoka Weibull kwenda log-nomali ni kubadilisha neno moja tu, na matokeo yanatoka kwa mpangilio uleule, kwa hiyo kulinganisha hakuchoshi. Inakuja na data ya mfano ya kansa ya matiti, wanawake 686 wa utafiti wa Ujerumani, ambao 299 kati yao ugonjwa ulirudi au walifariki, na wamegawanywa makundi matatu kufuatana na ubashiri: mzuri, wa kati, mbaya. Ufuatiliaji unaishia miaka saba na kitu. Anza na hiyo data kabla hujagusa ya kwako. Fitisha Weibull, fitisha log-nomali, fitisha splaini yenye kifundo kimoja (pale vipande vinapoungana), halafu chora mpaka mwaka wa saba: utaona mistari inafuatana karibu karibu. Sasa irefushe mpaka mwaka wa ishirini na tano. Hapo kila mmoja anashika njia yake.

Na hapa ndipo sifa kubwa ya hii pakeji ilipo kwa maoni yangu, na nashangaa watu wengi wanaipita bila kuigusa: inakuchorea HATARI, sio asilimia ya walio hai peke yake. Unabadilisha aina ya grafu tu na unaona hatari ya kufa kwa kila wakati kwa yule aliyefika pale akiwa hai, na pembeni inakuwekea mstari mwingine uliokadiriwa moja kwa moja kutoka kwenye data bila modeli, ili ulinganishe. Grafu ya asilimia ya walio hai inaficha sana mambo kwa sababu ni jumla ya yote yaliyopita, inashuka taratibu, kila modeli inaonekana nzuri. Ukitazama hatari unaona kila mgawanyo unaamini nini. Weibull inaamini hatari inapanda siku zote au inashuka siku zote, haina kupanda halafu kushuka. Eksponensiali inaamini haibadiliki kabisa. Log-nomali inaamini inapanda mwanzoni halafu inashuka na kuendelea kushuka mpaka karibu na sifuri. Ukiiona hivyo unaweza kwenda kwa daktari wa kansa ukamuuliza swali analoweza kulijibu: mgonjwa wa aina hii akifika mwaka wa nane bila ugonjwa kurudi, bado una wasiwasi naye kama mwaka wa tatu au umepungua? Hilo swali analo jibu. Ukimuuliza kati ya Weibull na log-nomali anapendelea ipi atakukodolea macho tu.

Ngoja niweke hesabu ya karatasini, ya kutunga, mtu yeyote anaweza kuirudia kwa kikokotoo. Chukua modeli mbili ambazo zote zinasema nusu ya wagonjwa wako hai mwaka wa 5. Ya kwanza ni eksponensiali, hatari yake ni 0.139 hivi kwa mwaka. Ya pili ni log-lojistiki yenye mediani ya miaka 5 na umbo la 1. Mwaka wa kwanza moja inasema asilimia 87 wako hai nyingine asilimia 83, mwaka wa 2 asilimia 76 na 71, mwaka wa 5 zote 50. Ukihesabu wastani wa miaka iliyoishiwa ndani ya hiyo mitano unapata 3.61 kwa ya kwanza na 3.47 kwa ya pili, tofauti haifiki miezi miwili, na kwa data ya wagonjwa mia moja hivi wala huwezi kuwa na uhakika ipi imekaa vizuri zaidi. Sasa nenda mwaka wa 20. Eksponensiali inasema wamebaki asilimia 6, log-lojistiki inasema 20. Wastani wa miaka ndani ya miaka ishirini ni 6.8 kwa 8.0, tofauti ya zaidi ya mwaka mzima, na tena iliyokuwa nyuma ndio imeongoza! Na ukikosa kuweka kikomo cha miaka, yaani ukaomba wastani wa maisha yote, log-lojistiki ya umbo hilo haina wastani kabisa, hesabu inakwenda mpaka infiniti. Kwa hiyo tafadhali tumia ile ya wastani wenye kikomo, ipo ndani ya pakeji, unaipa mwaka wa mwisho na inakupa jibu lenye maana.

Kwa nini nalivalia njuga hili? Kwa sababu hizi namba zinaamua mambo ya watu. Dawa mpya ya kansa ikija, wanaoamua kama mfumo wa afya uilipie wanaangalia wastani wa miaka iliyoongezeka, na wastani huo sehemu kubwa unatoka kwenye mkia, pale ambapo hakuna data. Uingereza walilazimika kuandika mwongozo kabisa kwa ajili ya NICE, taasisi yao inayoshauri dawa zipi zilipiwe, mwaka 2011, ule wa Latimer, na mwingine wa modeli zinazopinda zaidi mwaka 2020, kwa sababu watu walikuwa wanachagua mgawanyo bila kueleza sababu. Mtu anaweza kukosa dawa au nchi ikamaliza hela kwenye dawa isiyosaidia, kwa sababu ya neno moja lililobadilishwa kwenye mstari mmoja. Sio jambo la kufanya haraka haraka Ijumaa jioni.

Halafu kuna AIC, alama ya kulinganisha modeli, ndogo ndio inahesabiwa bora. flexsurv inakupa AIC ya kila modeli bila hata kuombwa, na hii naisema kama onyo kwa wanaoanza: watu wanapanga modeli nane kwenye jedwali, wanachukua yenye AIC ndogo, wanairefusha miaka thelathini, wamemaliza. AIC inapima modeli imekaa vipi pale data ilipo, na kwenye kansa nyingi kali vifo vingi viko mwanzoni, kwa hiyo anayeshinda ni yule aliyeeleza vizuri vifo vya miezi kumi na nane ya kwanza. Kuhusu mwaka wa kumi na tano AIC haijui lolote, wala haijadai kujua. Itumie kuondoa modeli ambazo hata data ya sasa zimeshindwa kuieleza, basi. Zilizobaki zichague kwa umbo la hatari na kwa unachokijua kuhusu ugonjwa.

Na ugonjwa unatofautiana kweli kweli. Chukua melanoma (kansa ya ngozi) iliyosambaa. Mwaka 2015 Schadendorf na wenzake waliunganisha wagonjwa 1,861 waliotumia ipilimumab, dawa inayoamsha kinga ya mwili, mediani ilikuwa miezi 11.4 tu, lakini mstari ukafika kama mwaka wa tatu ukalala, asilimia 22 walikuwa hai miaka mitatu na baada ya hapo haukushuka sana tena. Kisha ukija kwenye jaribio la CheckMate 067, matokeo ya miaka kumi yanaonyesha asilimia 19 bado hai kwa waliopewa ipilimumab peke yake, 37 kwa nivolumab (dawa nyingine ya aina hiyo), na 43 kwa waliochanganyiwa zote mbili. Ukiweka Weibull ya kawaida kwenye data ya miaka miwili ya ugonjwa kama huu, kuna hatari kubwa ya kuwaua kwenye karatasi watu ambao wako hai. Sasa geuka kansa ya matiti yenye vipokezi vya estrojeni. Mwaka 2017 kundi la watafiti la EBCTCG lilitoa matokeo ya wanawake 62,923 waliomaliza miaka mitano ya dawa za homoni wakiwa hawana dalili za ugonjwa, na ugonjwa uliendelea kurudi bila kukatika kuanzia mwaka wa 5 mpaka wa 20. Waliokuwa na uvimbe mdogo bila tezi zilizoathirika, hatari ya ugonjwa kurudi sehemu za mbali ndani ya kipindi hicho ilikuwa asilimia 13, na waliokuwa na uvimbe mkubwa zaidi na tezi 4 mpaka 9 ilikuwa 41. Hapo ukiweka modeli inayosema baada ya mwaka wa saba watu wamepona umewadanganya wanawake wengi. Pakeji ni ileile, kazi ni ileile, umbo sahihi ni tofauti kabisa, na pakeji haiwezi kukuambia wewe uko kwenye ugonjwa upi.

Tuje kwenye modeli za kupona. flexsurv yenyewe haina, unaongeza pakeji ndogo inayoitwa flexsurvcure, ya Jordan Amdahl, inakaa juu ya flexsurv na inatumia maandishi karibu yaleyale kwa hiyo hakuna kujifunza upya. Wazo ni la zamani, Boag alilitoa mwaka 1949 akitumia log-nomali, Berkson na Gage wakaliendeleza mwaka 1952: wagonjwa ni mchanganyiko wa makundi mawili, wamo ambao ugonjwa huu hautawaua tena na wamo ambao bado wanaubeba, na mstari wote unaouona ni sehemu ya waliopona ukijumlisha na waliobaki mara asilimia yao ya kuwa hai. Ukifitisha unapata makadirio ya sehemu ya waliopona, na unaweza kuona umri au hatua ya ugonjwa vinaibadilishaje. Kwa kansa ya damu ya utotoni au ya utumbo mpana, ambako waliopita miaka kadhaa hatari yao inarudi karibu na ya watu wengine, hii modeli inaeleza kitu cha kweli na matokeo yake hata mgonjwa anaweza kuelezwa akaelewa. Mimi naipenda sana.

Lakini. Modeli ya kupona itakupa sehemu ya waliopona HATA kama hawapo. Data ikiwa fupi, mstari haujalala bado, hesabu haiwezi kutofautisha kati ya asilimia 30 waliopona na wengine kufa haraka, na asilimia 5 waliopona na wengine kufa taratibu, zote mbili zinapita palepale kwenye data uliyonayo. Utaiona kwenye mipaka ya uhakika (chini na juu ambamo jibu linakadiriwa kuwa), inakuwa mipana ajabu, au ukibadilisha Weibull kwa log-nomali ndani ya modeli ya kupona na asilimia ya waliopona ikaruka kutoka 10 kwenda 35. Ikiruka hivyo, hujakadiria kupona, umekadiria uchaguzi wako. Kabla hujaigusa flexsurvcure chora kwanza Kaplan na Meier, angalia mstari umelala kweli na chini yake wamebaki wagonjwa wangapi. Mstari uliolala juu ya wagonjwa wanne sio tambarare, ni kwamba hakuna aliyebaki wa kufa kwenye data. Hii naomba watu walizingatie sana, nimeona ripoti zinatoa matumaini makubwa juu ya wagonjwa wanne.

Kuna mtego mwingine ambao haujifichi, umeandikwa kabisa kwenye maelezo ya pakeji, ila nani anasoma: Gompertz ya flexsurv inaruhusu umbo kuwa hasi. Ikiwa hasi maana yake hatari inashuka haraka kiasi kwamba kuna sehemu ya watu hawafi milele. Kwa mfano umbo likiwa -0.25 na kiwango 0.3, asilimia ya walio hai inaishia kwenye 30 na haishuki tena hata ukienda miaka elfu. Yaani umefitisha modeli ya kupona bila kuiomba na bila kujua. Sio kosa la pakeji, ni hesabu ilivyo, na saa ingine ndicho unachokitaka, ila kila ukitumia Gompertz tazama kwanza alama ya umbo kabla ya kitu kingine chochote.

Splaini ndio sehemu ninayoitumia zaidi. Ni zile modeli za Royston na Parmar za 2002, logi ya hatari jumlishi inachorwa kama mstari unaopinda juu ya logi ya muda, na unachagua vifundo vingapi. Bila kifundo cha katikati na kwa mizani ya hatari unapata Weibull yenyewe, kwa mizani ya odzi (uwezekano wa kufa ukigawanywa kwa wa kuwa hai) unapata log-lojistiki, kwa mizani ya nomali unapata log-nomali, kwa hiyo ni familia moja iliyopanuliwa na sio kitu kigeni. Kifundo kimoja au viwili mara nyingi vinatosha kushika ule mwenendo wa hatari kupanda mwaka wa kwanza wa pili halafu kushuka. Ndani ya data hakuna inayoishinda. Ila elewa kinachotokea nje: baada ya kifundo cha mwisho mstari unanyooka, kwa mizani ya hatari unakuwa Weibull, na mteremko wake unaamuliwa na vifo vichache vya mwishoni. Kwa hiyo uzuri wote ule wa kupinda unaishia pale ambapo wewe ndio unaanza kuuhitaji. Watu wanadhani kwa kuwa imeshika data vizuri itatabiri vizuri. Hapana, hivyo ni vitu viwili.

Kinachosaidia kweli kwenye mkia ni kuleta taarifa kutoka nje, na hapa flexsurv imekua vizuri toka ilipoanza. Unaweza kuipa vifo vya kawaida, yaani hatari ya kufa kwa mtu wa umri ule, jinsia ile na mwaka ule kutoka kwenye jedwali la vifo la nchi, na modeli inakadiria ile hatari ya ziada inayoletwa na kansa peke yake. Unahitaji namba hiyo kwa wale waliofariki tu, kwenye muda waliofariki, kwa waliokatika ufuatiliaji haibadilishi makadirio. Hii ni muhimu kuliko watu wanavyofikiri. Mgonjwa aliyegunduliwa na miaka 65, miaka ishirini baadaye ana 85, anaweza kufa kwa moyo au kiharusi, na modeli isiyojua hilo inaweza kukuambia mtu wa miaka 95 hatari yake ya kufa ni ndogo kuliko ya kijana. Upuuzi kama huo unauona mara moja ukichora hatari ya modeli na hatari ya watu wote kwenye grafu moja: mstari wa mgonjwa ukipita CHINI ya mstari wa watu wote, simama, kuna kitu hakiko sawa. Ile fanksheni ya standsurv inakusaidia kurudisha vyote pamoja, inachukua hatari ya ziada, inaongeza ya kawaida, inatoa wastani kwa wagonjwa wako wote na umri wao halisi. Jedwali la vifo lenyewe kuliandaa kunachosha kidogo, miundo ya tarehe na siku inabidi ikae sawa sawa, lakini fanya.

Mapungufu. Maelezo yameandikwa na mwanatakwimu kwa ajili ya wanatakwimu, mtu wa kliniki atapotea ukurasa wa pili, hata majina ya paramita ya mgawanyo mmoja mmoja yanahitaji uyasome taratibu, kwa mfano kuna Weibull mbili zenye maana tofauti za paramita, moja ya kuharakisha muda nyingine ya uwiano wa hatari, ukisoma matokeo ya moja kwa macho ya nyingine umegeuza tafsiri juu chini. Gama ya jumla na hasa F ya jumla zinasumbua kufikia jibu kwa data ndogo, utapata onyo kwamba pengine haikufika kileleni, na hilo onyo usilipuuze, ipe thamani za kuanzia kutoka kwenye modeli rahisi zaidi au achana nayo. F ya jumla kusema ukweli sijawahi kuona kazi ya kansa iliyoihitaji. Pia ukitaka mipaka ya uhakika, inachota paramita kwa bahati nasibu, elfu moja kwa kawaida, kwa hiyo ukiwa na data kubwa na vigezo vingi grafu inachukua muda.

Ila pungufu kubwa zaidi ni hiyo mipaka yenyewe, na sio ya flexsurv peke yake, karibu kila softiwea ya aina hii iko hivyo. Kivuli kile cha kijivu kinachokuzungushia mstari mpaka mwaka wa ishirini na tano kinasema: IKIWA umbo hili ni la kweli, basi uko kati ya hapa na hapa. Hakina ndani yake wasiwasi wa kwamba umbo lenyewe sio. Rudi kwenye mfano wangu wa asilimia 6 na 20, kwa data ya kutosha kila modeli ingekuchorea kivuli chembamba kizuri kuizunguka namba yake, na vivuli viwili visingegusana. Msomaji asiyejua anaona wembamba anadhani ni uhakika. Ningependa pakeji ikatishe kivuli au ibadilishe rangi baada ya mgonjwa wa mwisho. Mpaka hapo itakapofanya hivyo, weka mwenyewe mstari wa wima mahali data inapoishia kwenye kila grafu unayomwonyesha mtu, na chora modeli zote tatu nne zilizobaki hai, sio moja.

Mbadala upo. Wenye Stata, programu nyingine ya takwimu, wana familia ya stpm2 ya Lambert na Royston, nzuri mno kwa splaini na kwa data za rejista za kansa, lakini Stata unalipia leseni. Ndani ya R rstpm2 ya Mark Clements inafanya mengi ya hayo, na kama unachotaka ni kuishi ukilinganisha na watu wote bila kuchagua umbo lolote, relsurv ina kikadirio cha Pohar Perme cha 2012 na ndicho cha kutumia. Kwa wale ambao kazi yao yote ni kurefusha mstari, Jackson huyohuyo ametengeneza survextrap, ya Bayes, ambayo imejengwa kwa wazo kwamba data fupi haitoshi na inakuruhusu kuingiza moja kwa moja data ya nje, mfano ya rejista yenye wagonjwa waliofuatiliwa muda mrefu, ikachanganywa na ya kwako kwenye modeli moja. Ni nzito kidogo kwa kompyuta na lazima uelewe ule mgawanyo wa awali wa Bayes, yaani unachoamini kabla ya kuona data, lakini kimawazo naiona iko mbele.

Nyota: nne na nusu kati ya tano. Nusu nimeikata kwa ajili ya kile kivuli. Kama wewe ni mwanatakwimu au mwanafunzi wa epidemiolojia mwenye data ya kansa na swali la miaka mingi, ipakue leo, anza na ile data ya matiti, chora hatari kabla ya kitu kingine. Kama wewe ni mgonjwa au ndugu wa mgonjwa umefika hapa ukitafuta muda gani umebaki, hii pakeji haikujibu wewe, inakadiria makundi. Lakini ukisomewa mediani jua kwamba nusu ya watu wanaivuka, na kwa baadhi ya kansa wanaivuka kwa miaka mingi sana, kwa hiyo muulize daktari mstari wa wagonjwa wanaofanana na wewe unakwendaje baada ya mediani, unaendelea kushuka au unalala, na kama unalala ni kuanzia mwaka wa ngapi.